Kicheko Kwenye Spika

Mjane wa kwenye picha alikuwa akimlilia mumewe, machozi yanamtiririka kwelikweli, lakini spika zilitoa kicheko. Tena si cha kujizuia. Kilikuwa kinene, kikipanda na kukatika kama mlango wenye bawaba kavu. Watu wa viti vya bei wakageuka kumtazama meneja, naye akasema ni mitambo mipya, itazoea. Jasho lilikuwa limeshamtoka. Kicheko kile alikijua tangu utotoni, kilikuwa cha mama yake, na mama yake hakuwemo ukumbini.

Mama huyo alikuwa kiziwi, na enzi za picha bubu hakuna aliyezifaidi kumzidi. Siku hizo ukumbi ulikuwa na kelele zake: mpiga kinanda anatwanga, watoto wanapiga miluzi, wanaojua kusoma wanawasomea jirani zao maandishi. Yeye hakuyahitaji maandishi, alisoma midomo. Maandishi yakisema bwana anamposa bibi, yeye ameshaona bwana analalamika kwamba kiatu kinambana. Basi anaangua kicheko, anamsimulia mwanawe kwa mikono, mwanawe anawasimulia waliokaa nyuma, na ukumbi mzima unavunjika mbavu.

Zilipokuja picha za sauti, mpiga kinanda aliambiwa asante, na watu wakaanza kukaa kimya wasije wakakosa neno. Katika kimya hicho kicheko cha mama kikabaki peke yake. Watu wakasonya. Mwanawe, ambaye sasa alikuwa meneja wa kuvaa tai na kuitwa bosi, aliona aibu hadi masikio yakamchemka. Akamshika mama mkono katikati ya picha, akamtoa nje, akamwambia kwa vidole kwamba picha za siku hizi hazimfai. Mama akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo akifungua kinywa kucheka, hutoka pumzi tu.

"Kifua kimenyamaza," alisema kwa mikono, akijipapasa. Hakuwahi kukisikia kicheko chake, ila alikihisi kikimtetema kifuani, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Sasa sahani zilirudi jikoni zimejaa, na mifupa ya mabega ilianza kumtokeza.

Huko ukumbini mambo yalizidi. Kicheko kilitoka kwa askari aliyepigwa risasi, kikatoka kwa kichanga kwenye beseni, kikatoka kwa farasi, na pamoja nacho ikaja harufu ya sabuni ya kufulia, ile iliyokuwa haiishi mikononi mwa mama, ikashuka kutoka kwenye pazia la picha na kutambaa safu kwa safu, hata wanawake wakaanza kuziba pua na mitandio na kuulizana kwa kunong'ona ni nani anayefua gizani.

"Bosi," fundi wa mitambo alinong'ona, "spika nimezichomoa. Waya huu hapa mkononi."

"Punguza sauti."

"Nimechomoa, bosi. Kinachocheka humu si mashine."

Wakamwita mganga, mwanamke wa makamo asiye na mbwembwe. Alilinusa pazia, akauliza, "Nani alitolewa humu?"

"Mama yangu," meneja akaviambia viatu vyake.

"Jini huokota kilichotupwa," mganga akasema. "Wewe umetupa kicheko cha mzazi wako. Mlete akae mahali pake. Washa taa, simama mbele ya watu, useme: hiki ni cha mama yangu, nakitaka. Basi."

"Basi tu?"

"Kwako naona si kidogo, baba."

"Na nikishindwa?"

"Jini atarudisha kitu. Lakini hakitakuwa hicho."

Jumapili alasiri mama aliketi safu ya mbele, amevaa gauni lake zuri, linampwaya. Kicheko kilipoanza, taa zikawashwa, na meneja akapanda jukwaani. Aliwaona wote: daktari na mkewe, wenye maduka, binti wa hakimu ambaye yeye alitumaini kumchumbia.

"Kwani huyo bibi wa mbele ni nani?" mke wa daktari akauliza. "Mbona anakutazama hivyo?"

Meneja alijua kwamba mama anasoma midomo. Kwa hiyo akamgeuzia kisogo kwanza, ndipo akasema, "Ni mama wa usafi tu. Msimjali."

Kicheko kikakatika hapo hapo. Harufu ikayeyuka. Mjane kwenye pazia akalia kwa sauti yake mwenyewe, na watu wakapiga makofi. Meneja alishukuru, kisha akajichukia kwa kushukuru. Mganga alikuwa ameshaondoka.

Alipofika nyumbani alimkuta mama jikoni, anakula. Wali umemkaa kidevuni, macho yanang'aa. Mama aliuchukua mkono wa mwanawe, akaubandika kifuani pake auhisi mtetemo, akatupa kichwa nyuma na kucheka kwa furaha yote aliyokuwa ameikosa. Kinywani mwake ikatoka sauti ya mwanamume, wazi kabisa, sauti ya meneja mwenyewe.

"Ni mama wa usafi tu. Msimjali. Ni mama wa usafi tu."

Akakoma, akafuta machozi ya kicheko.

"Kimerudi," akasema kwa mikono. "Kinasikikaje?"

Meneja alisimama pale, asijue aitie wapi aibu yake.

"Kizuri, mama," akajibu kwa vidole.

Mama akafurahi sana. Akajifunga kanga vizuri, akatoka mlangoni kwenda kuwachekea majirani.