Akiru na Mawe Meupe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Akiru alishuka hadi mto Tarach uliokuwa mkavu, akachimba mchangani na kuchota maji kidogo kidogo mpaka mtungi ukajaa. Aliubeba kichwani hadi nyumbani, akampa mama yake, kisha akashika njia ya shule mbio. Alikuwa darasa la saba, mwembamba, mwenye miguu mirefu. Wachuuzi wa mjini Kakuma walimzoea.

"Ejok, Akiru! Leo wamkimbia nani?" walimsalimu kwa Kiturkana, wakimtania.

Mwaka huo wa 1997, shule kadhaa zilikubaliana kufanya mbio za kupokezana kijiti kutoka Lodwar hadi Kakuma. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kuvuka mlima wa mawe meusi ulio karibu na Kakuma. Mwalimu Nawoi, mwalimu wao wa michezo, alimpa Akiru sehemu hiyo. Nyaduoth angemletea kijiti hadi chini ya mlima, naye Namuar, mwenzao wa shule, angekipokea upande wa pili na kumaliza mbio.

Nyaduoth alikuwa ametoka kusini mwa Sudan na jamaa zake, wakikimbia vita. Wengi wao walikaa katika kambi ya wakimbizi, lakini yeye aliishi mjini kwa mjomba wake, fundi cherehani. Alikuwa na mbio kali na maneno machache, kwa kuwa Kiswahili alikuwa bado anajifunza. Akiru hakumwamini. Puok, binamu yake Nyaduoth, alikuwa mkimbiaji wa shule ya kambini, na wawili hao walipokutana walizungumza kwa lugha yao.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Akiru alimwona Nyaduoth akishuka mlimani jioni pamoja na Puok. Mikono yao ilikuwa imechafuka kwa chokaa. Walipomwona, wakanyamaza.

Kesho yake Akiru alipanda mlimani kufanya mazoezi. Njia ya mbio ilikuwa imewekewa mawe yaliyopakwa chokaa ili wakimbiaji wasipotee. Pale njia ilipogawanyika, Akiru alisimama ghafla. Mawe yaliyokuwa yakielekea kulia, kwenye njia ya zamani aliyoijua vizuri, sasa yalielekea kushoto, kwenye njia ndefu inayozunguka. Alirudi mbio akamweleza Namuar.

"Unaona sasa?" Namuar alisema. "Wanataka shule ya kambini ishinde. Wewe utazunguka, wao watakata moja kwa moja."

"Tumwambie Mwalimu."

"Mwalimu amekwenda Lodwar na wale wakimbiaji wa mwanzo. Wewe nyamaza tu. Siku ya mbio pita njia yako unayoijua."

Tangu hapo kila alichofanya Nyaduoth kilimtia Akiru wasiwasi. Akicheka, Akiru alidhani anachekwa yeye. Siku moja Nyaduoth alimfuata uwanjani na kuanza, "Akiru, mlima ile..." Akiru akampa mgongo na kwenda zake.

Siku ya mbio, mambo yaliharibika tangu asubuhi. Mto mmoja njiani ulifurika, na wakimbiaji wote wakangoja maji yapungue. Ilipofika zamu ya mlima, jua lilikuwa limekwisha kuzama na mawingu yametanda. Wasimamizi walishauriana, kisha wakampa kila mkimbiaji wa mlima tochi.

Nyaduoth alitokea wa kwanza, akihema, miguu yake imejaa tope hadi magotini.

"Akiru! Fuata mawe mweupe! Mkono wa kushoto!" alisema huku akinyoosha kijiti. "Njia ya zamani hapana mzuri!"

Akiru alimpokonya kijiti bila kumjibu. "Nimekujua," alisema moyoni, akakichomeka kijiti mkandani na kuanza kupanda.

Mvua ilimkuta kabla hajafika katikati. Ilipiga kwa ubavu, na upepo ukamsukuma kama mtu anayetaka kumtoa njiani. Mwanga wa tochi ulionyesha matone tu na jiwe la mbele ya mguu wake. Hata hivyo alikuwa akiongoza, na nyuma yake tochi za wengine zilikuwa mbali.

Akafika kwenye njia panda. Mawe meupe yaling'aa kuelekea kushoto. Akiru alisita. Radi ikamulika, akaiona njia ya zamani upande wa kulia, fupi na nyoofu. Alikumbuka mikono yenye chokaa, akakumbuka jinsi walivyonyamaza. Akakata kulia.

Alikimbia kidogo tu. Ghafla ardhi ikamomonyoka chini ya miguu yake. Tochi iliruka ikatoweka gizani. Akiru aliteleza, goti likagonga jiwe, akashika mizizi ya kichaka cha miiba na kuning'inia hapo. Chini yake alisikia maji yakivingirisha mawe katika korongo ambalo hapo awali halikuwepo.

"Nisaidieni!" alipiga kelele.

Aliona mwanga wa tochi ukipita mbali upande wa kushoto, kisha mwingine. Hakuna aliyemsikia kwa ngurumo. Miiba ilimchoma viganjani, na mizizi ikaanza kung'oka. Akiru alilia kwa hofu.

"Akiru! Usisogee!"

Ilikuwa sauti ya Nyaduoth. Alilala kifudifudi kwenye tope, akateremsha shuka aliyokuwa amejifunika baada ya kukimbia. "Shika. Shika mkono mbili!"

Akiru aliishika. Nyaduoth alivuta, akateleza, akakaza miguu kwenye mwamba na kuvuta tena, mpaka wote wawili wakaanguka juu ya ardhi ngumu.

"Umejuaje niko huku?" Akiru aliuliza.

"Nilikufuata nyuma. Nimeona tochi yako inaenda kulia. Nikakimbia." Nyaduoth alimtazama. "Mimi nilikuambia kushoto. Kwa nini?"

Akiru alipapasa kiunoni. Kijiti kilikuwa bado kimo kwenye mkanda wake. Alijikokota akimshikilia Nyaduoth begani, wakafuata mawe meupe, moja baada ya jingine, hadi upande wa pili alipokuwa Namuar.

Namuar alikipokea na kumaliza mbio, lakini walikuwa wa mwisho. Katika uwanja wa kanisa mjini Kakuma, mbio zilipoishia, chini ya mwanga wa karabai, watu walizunguka kumwangalia Akiru na goti lake linalovuja damu.

"Ni Nyaduoth!" Namuar alifoka. "Yeye na Puok walihamisha mawe! Akiru aliwaona!"

Manung'uniko yakaenea. "Atolewe kwenye timu!" mzazi mmoja alisema. Maji yalimchuruzika Nyaduoth usoni, na Akiru akatambua kwamba yeye mwenyewe akinyamaza tu, wote wataamini.

"Si kweli," alisema. Akapaza sauti. "Mawe yalikuwa sawa. Aliniambia niyafuate, nikakataa. Niliingia korongoni kwa kosa langu. Yeye ndiye aliyenitoa."

Mzee Lotiir, msimamizi wa mbio, akasogea mbele. "Mawe niliyahamisha mimi. Nyaduoth na Puok waliona ufa kwenye njia ya zamani, wakaja kuniambia, nami nikawaomba wanisaidie. Nilituma habari kwa walimu, lakini walikuwa wamekwisha kwenda Lodwar. Ilinipasa niwaambie ninyi wenyewe. Hapo nilikosea."

Namuar aliinamisha kichwa. Mwalimu Nawoi, aliyekuwa amefika na gari la wasimamizi, alifunga goti la Akiru kwa kitambaa.

"Ulipoona mawe yamehama, ulimuuliza nani?" alimuuliza.

"Namuar."

"Namuar alijua?"

"Hapana, Mwalimu."

"Sikilizeni nyote. Kuwa na shaka si dhambi. Mtu akiona jambo asilolielewa, ni lazima ajiulize. Lakini Akiru, ulimuuliza mtu asiyejua, ukamkimbia aliyejua. Swali moja tu lingetosha. Ukimshuku mwenzako, mwendee umuulize ana kwa ana, kisha usikilize jibu lake hata kama Kiswahili chake kinajikwaa. Na leo umesema kweli mbele ya watu wakati uongo ulikuwa rahisi. Hilo nimeliona."

Akiru alimgeukia Nyaduoth. "Nisamehe."

Nyaduoth alikamua shuka yake iliyoraruka, akaitazama, kisha akamfunika nayo Akiru mabegani.

"Mwaka ujao mlima nakimbia mimi," alisema. "Wewe utaleta kijiti."

"Nitakileta," Akiru alijibu. "Na ukiniambia kushoto, nitakwenda kushoto."