Maombi Yaliyojaza Diski C

Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025. Asubuhi hiyo mvua iliganda ikishuka. Barabara za hapa Annandale, ughaibuni tunakoishi, ziliteleza, na maktaba ya mtaa, yenye kompyuta za umma, haikufunguliwa.

Mimi naitwa Nkatha. Nina miaka hamsini na miwili. Mchana nahudumia wazee, jioni nasoma. Siku hiyo, saa saba mchana, nilikuwa na mtihani wa mwisho wa kozi yangu. Ulifanywa nyumbani, kwenye kompyuta. Aliyechelewa angesubiri hadi muhula mwingine.

Saa tano nilisali, nikawasha kompyuta. Programu ya mtihani ilikataa kuingia. Kwenye kioo yalitokea maneno: nafasi haitoshi. Alama ya diski C, ile inayobeba mfumo wote wa kompyuta, ilikuwa nyekundu.

"Sogea nikusaidie," alisema mume wangu, Dunstan.

Alifuta video moja baada ya nyingine. Saa tano na nusu alama ilikuwa nyekundu vilevile.

"Nimefuta kumi na nane na hakuna kitu," alisema. "Hebu ona. Kuna folda hapa inaitwa Windows. Ni kubwa, na hatujawahi kuifungua. Huyu ndiye mwizi wetu."

"Baba Kendi, usiiguse."

"Unataka mtihani ama unataka folda?"

Nilipanda ghorofa ya juu, nikamgongea jirani yetu Gaudiose. Ametoka Bukavu, na kazi yake ni kutengeneza kompyuta za ofisi. Alishuka mara moja, kitenge juu ya sweta.

"Papa Kendi, toa mkono kwanza," alisema. "Hiyo Windows ni roho ya mashine. Ukiifuta, haitawaka tena. Kitu usichokijua, usikifute."

Dunstan alisimama. "Kumbe mimi ni fundi wa kuharibu."

"Lakini mbona nafasi haikuongezeka?" niliuliza.

"Alivyofuta vimeingia kwenye pipa la kompyuta tu. Ni kama kutoa taka jikoni na kuziweka sebuleni. Bado ziko ndani ya nyumba mpaka umwage pipa."

"Basi mwaga," Dunstan alisema. "Saa zinakwenda."

"Ngoja. Tusome kwanza majina."

Alifungua pipa. Nilisoma jina moja moja. Zilikuwa rekodi za maombi ya ushirika wetu. Kila Jumapili alasiri tunasali kwenye Zoom, na mimi ndiye ninayerekodi kwa ajili ya walio kazini. Katikati ya faili hizo ilikuwemo ya tarehe 13 Oktoba mwaka uliopita. Siku hiyo mama yangu alituombea kutoka Meru, kwa simu ya dada yangu. Siku tisa baadaye alifariki. Sauti yake sikuwa nayo mahali pengine.

Dunstan aliinama akasoma pia. "Sikusoma jina, Mama Kendi," alisema. "Nilikuwa nafuta tu."

Gaudiose alibonyeza neno Rudisha. Faili zikarudi kwenye folda yake. Kisha alifungua Mipangilio, akaingia Mfumo, halafu Hifadhi. Hapo kompyuta yenyewe inaonyesha kinachokula nafasi. Alisafisha faili za muda, zile ambazo mashine hujiwekea ikifanya kazi. Alama haikubadilika sana. Mzigo mkubwa ulikuwa maombi ya miaka miwili.

"Maman Kendi, kwa nini hukutoa hata moja?"

"Nifute maombi? Niliogopa."

"Mungu alishayasikia. Hangoji kompyuta imkumbushe."

Alikimbia juu akaleta diski ya nje, akaanza kunakili rekodi zote. Saa sita na dakika kumi na tano. Mstari wa kijani ulikwenda polepole. Nilifumba macho nikaomba bila kutoa sauti. Nilipofumbua, ilikuwa saa sita na dakika arobaini, na nakala imekamilika.

Dunstan alinyoosha mkono kufuta zile za kwenye diski C. Gaudiose akampiga kofi dogo la mkononi.

"Papa, wewe una mkono mwepesi. Fungua nakala kwanza. Usifute ya zamani kabla ya kuisikia mpya."

Tulifungua ile ya Oktoba. Mama alikuwa akiomba kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Mungu, Nkatha amerudi shule akiwa mtu mzima. Mpe akili, na umpe utulivu."

Tulifuta rekodi kwenye diski C, tukasoma tena majina yaliyo pipani, tukamwaga pipa. Alama ikawa ya buluu. Programu iliingia saa saba kasoro dakika sita. Nikaketi, nikaanza mtihani.

Jumapili ya wiki iliyofuata nilikuwa nimepata matokeo. Nilifaulu. Nyuso za ushirika zilijaa kioo, na Dunstan na Gaudiose walikaa kando yangu. Kabla ya kuanza maombi nilisema:

"Ndugu zangu, rekodi ya leo itakaa wiki mbili, kisha nitaifuta. Ile ya mama nimeiweka kwenye diski mbili tofauti. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nitaangalia nafasi kabla alama haijawa nyekundu. Naahidi mbele yenu na mbele za Mungu."

Dunstan aliinama karibu na kamera.

"Na mimi naahidi," alisema, "kusoma jina kabla ya kufuta."