Kadi Haijizimi

Ukumbi wa wakala wa mizigo ulifurika wateja, kila mmoja akidai mzigo wake utoke kwanza, siku fundi wa mtandao alipomwona karani yule. Gauni la kijani, kalamu kaichomeka kwenye nywele, mkono kiunoni.

"Fundi, ile VPN ya kutuunganisha na makao makuu imegoma. Inazunguka weee, halafu eti makao makuu hayapatikani."

"Makao makuu yapo, dada. Njia ndiyo iliyoziba."

"Basi zibua, kabla hawa hawajanila nyama."

Akazibua. Wiki iliyofuata ikaziba tena. Akawa anamwelekeza kwa simu, na simu zikarefuka kuliko ubovu wenyewe.

"Imeunganika, mpenzi?"

"Bado. Njoo mwenyewe. Sauti yako haina bisibisi."

Penzi likakolea. Lakini fundi alikuwa na donda lake: ubovu usio na sababu ulimnyima usingizi. Kila akifika, anakuta kadi ya mtandao ya VPN imezimwa ndani ya kompyuta ya karani. Aliiwasha, akaweka programu upya, akabadili kebo. Wapi!

Siku moja mteja mkubwa akasubiri, akachoka, akahamia kwa wakala mwingine. Bosi akaja kusimama nyuma ya kiti cha karani, jasho linamtoka.

"Kila wiki, fundi! Tatizo nini?"

Fundi akakitazama kioo, uso ukamng'aa kama mtoto aliyetegua kitendawili.

"Nimelipata, bosi! Mashine haina kosa. Kadi haijizimi hii. Kuna mtu anaizima kwa mkono."

Bosi akageuza macho kwa karani. Mashine ile alikuwa akiigusa mtu mmoja tu. Karani akachomoa kalamu kwenye nywele, akailaza mezani taratibu.

Jioni simu ikaita.

"Nimefukuzwa."

"Lakini kwa nini ulikuwa unaizima, mpenzi?"

"Ndiyo kwanza unauliza?" Akacheka kicheko kikavu. "Ulidhani nani alikuwa anakuita kila wiki?"

Fundi akakaa chini palepale alipokuwa. "Nisamehe. Tuoane. Kesho nitamweleza bosi..."

"Umeshamweleza. Mama yangu alikuwa anakula kwa kazi ile. Kosa nimefanya, sikatai. Ila wewe hata redio hufungui bila kumuuliza mwenyewe imeanzaje. Mimi hukuniuliza."

Akakata. Fundi alipopiga, namba haikupatikana, wala haikupatikana tena.

Siku hizi kwenye meza ile kakaa kijana mnene, mpole. Fundi hapitishi wiki bila kuchungulia.

"VPN haisumbui?"

"Hata kidogo, kaka. Uliitengeneza ikatengenezeka."