Santuri za Mke wa Seremala

Kila Jumapili alasiri seremala alikuwa akisukuma meza ukutani, naye mkewe akiweka santuri. Walicheza wawili tu, sebuleni, hadi majirani wakachungulia dirishani. Nyumba ilikuwa na uhai siku hizo. Mke alipougua akafariki, mashine ya santuri ilifunikwa kitambaa. Hakuna aliyethubutu kuigusa.

Mwaka ulipopita, mzee seremala alimwambia binti yake, "Mwanangu, nataka kuishukuru wodi iliyomtunza mama yako. Tuwapelekee godoro lake."

Wakalipakia kwenye mkokoteni. Wodini walipokewa na sista yuleyule aliyemuuguza marehemu. Aliwasalimu kwa furaha, akalishika godoro, akasita.

"Baba, nashukuru kutoka moyoni. Ila hili siwezi kulipokea. Sponji iliyotumika haisafishiki vizuri. Inaweza kumwambukiza mgonjwa."

Uso wa mzee ulisawijika. "Kumbe nimekuja bure."

"Hujaja bure. Keti, baba." Sista akaeleza taratibu. "Hospitali inalipia dawa na mishahara. Lakini yapo mambo yanayobaki nyuma. Ndugu wanaokesha na wagonjwa hawana viti. Sisi wauguzi hatuna pa kupumzikia. Hapo ndipo mfuko wa hisani unaposaidia. Watu huchangisha, kamati hununua kinachohitajika, na hesabu hubandikwa ukutani kila mtu aione."

"Sasa mimi nichangishe vipi? Najua mbao tu."

Binti akakohoa. "Na kucheza je, baba?"

Mzee akamkata jicho. Walipofika nyumbani, alisimama mbele ya mashine, mkono juu ya kitambaa, machozi yakimlengalenga.

"Mama yako angenicheka," akasema mwishowe. "Angeniuliza, tangu lini muziki ukafunikwa kama maiti?"

Basi wakaenda kwanza kuomba kibali cha kamati ili waandae dansi ya kuchangia mfuko. Kamati ikawapa kisanduku chenye kufuli, na mtu wake wa kuandika risiti. Jumapili iliyofuata karakana ilifagiliwa maranda yote. Majirani wakaja wamepiga viatu rangi. Kila aliyeingia alichanga alichonacho. Santuri ilikwaruza kidogo, kisha wimbo ukaanza, na wazee waliokuwa wakilalamikia magoti wakayasahau magoti. Fundi viatu alimzungusha mkewe kama ndio kwanza anamchumbia.

Seremala alisimama kando. Binti akamvuta mkono.

"Twende, baba. Usinikanyage tu."

Miezi ilipita, sista akawaita waje waone. Kando ya kila kitanda palikuwa na kiti cha kuegemea. Mama mmoja alikuwa amesinzia kwenye chake, mkono wake juu ya kifua cha mwanawe. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na chumba cha wauguzi, chenye makochi na birika la umeme.

"Zamani chai tuliinywa wima," sista alisema, akiwamiminia.

Wakanywa. Mara sista akacheka peke yake.

"Unacheka nini?" mzee akauliza.

"Namkumbuka mama, mkeo. Zamu ikiwa ngumu, alikuwa akinisimamisha miguuni pa kitanda anifundishe kucheza. Yeye amelala, anahesabu kwa vidole: moja, mbili, geuka! Nikikosea ananifokea."

Mzee hakuwa akilijua hilo. Aliweka kikombe chini, akainuka, akanyoosha shati.

"Hebu simama," alisema. "Nione kama alikufundisha sawasawa."