Chupa Mbili za Maji Safi

Maiti ilikutwa saa moja asubuhi, ikielea kifudifudi katika bwawa la majitaka nyuma ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni. Cha pili kilinasa kwenye tope la kijivu ukingoni, kamba zake bado zimefungwa.

Inspekta alisimama hatua mbili kutoka majini, akakataa kusogea. Maiti hazikumtisha, alikwisha kuziona za kila namna. Alichoogopa ni maji. Yalilala kimya, hayana rangi wala harufu, kama mtu anayesikiliza siri za watu. Na chini kwa chini yalikuwa safarini. Huko bondeni kulikuwa na mtaa, katika mtaa kulikuwa na kisima, na kando ya kisima kulikuwa na nyumba yake. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Ni nani huyu?"

"Mkaguzi wa mazingira wa baraza la mkoa, afande," alijibu sajini wake, mtu mnene asiyejua kunong'ona. "Hapa walimwita Dada Chupa. Kila robo mwaka anachota maji haya kwenda kupimwa."

Daktari wa polisi alikigeuza kichwa cha marehemu. "Kapigwa kisogoni, jana alasiri. Aliingia bwawani keshakufa."

Ukingoni palikuwa na kasha la barafu. Ndani mlikuwa na chupa mbili zilizojaa, zimepigwa lakiri ya baraza.

"Mtu anamuua mchota maji, halafu anayaacha maji?" Inspekta aliuliza.

"Labda hakuwa na kiu, afande."

Inspekta hakucheka.

Meneja wa kiwanda aliwapokea ofisini kwake, shingo imesimama kama ya jogoo.

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, na wahasibu wanne. Waulize."

"Mkaguzi alikuwa tishio kwako."

"Tishio?" Meneja alicheka kwa pua. Alionyesha ukutani, vyeti vya baraza vimepangwa safu kwa safu. "Miaka sita, Inspekta, na kila robo mwaka napewa cheti safi. Mtu haui ng'ombe anayemkamua."

"Na wewe unakunywa maji ya bondeni?"

Kicheko kilikatika. Meneja alitazama dirishani. "Mimi naishi mlimani," alisema.

Inspekta aliaga. Alitoka nje, akampigia simu mkewe. Haikupokewa. Alipiga tena. Haikupokewa.

Chupa zilipelekwa kwa mkemia wa serikali, mama mwembamba aliyezungumza kama anayehesabu vidonge. Alikuwa na majibu kabla ya adhuhuri.

"Maji haya ni safi kuliko ya mvua. Hayakutoka kwenye bwawa lile."

"Zimebadilishwa."

"Zimebadilishwa. Na tazama hapa: yametiwa matone ya asidi. Tunayatia ili madini ya risasi, sumu ya betri inayoharibu ubongo wa watoto, yasigande kwenye kuta za chupa. Tusipotia, kipimo kinadanganya."

"Dada Chupa ndiye aliyetia?"

"Hapana. Wakaguzi wa baraza hawaruhusiwi kubeba asidi garini. Chupa hutiwa asidi zikifika maabara." Alizisogeza chupa mbele yake. "Hizi hazikuwahi kufika maabara, Inspekta. Wewe umezikuta bwawani."

Sajini alikuna kichwa. "Sasa mtu wa kiwandani angejuaje mambo ya matone?"

"Hajui," alisema Inspekta. "Anayejua barazani ni mmoja. Maabara ya baraza ina mtu mmoja tu."

Mpimaji wa baraza alikuwa mzee wa koti jeupe lililopigwa pasi hadi likakata. Vyupa vyake vilipangwa rafuni kama askari gwarideni. Ndiye aliyemfundisha kazi marehemu.

"Pole kwa msiba, mzee wangu."

"Alikuwa kama binti yangu."

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Asidi ya kuhifadhia sampuli, nani mwingine anaitumia?"

"Mimi tu."

"Basi nieleze ilifikaje katika chupa za bwawani."

Mzee aliiweka kalamu chini. Alitazama mkono wake wa kulia kama mtu anayemtazama mbwa wake aliyemng'ata.

"Nilitia?" aliuliza taratibu. "Miaka thelathini... Nikijaza chupa, natia matone. Sikujua hata kama nimetia."

"Endelea."

"Alinijia jana asubuhi. Akaniambia, 'Mwalimu, majibu yako ya miaka sita yanafanana mpaka nukta. Leo naipeleka sampuli kwa mkemia wa serikali.' Nikaandaa chupa za maji safi. Nikamfuata. Nikamsihi abadilishe, nikampigia magoti, mimi, mbele ya mwanafunzi wangu! Akaniambia, 'Mwalimu, inuka, unanitia aibu.' Akanipa kisogo afunge chupa alizokwisha kujaza. Palikuwa na kipande cha bomba."

"Kiwanda kilikuhonga?"

"Hakuna aliyenipa hata senti."

"Kwa nini, basi?"

"Mashine ya kupimia iliharibika miaka sita iliyopita. Nikanakili majibu ya zamani, nikisema ni mara moja tu. Ilipotengenezwa, baada ya miaka minne, mjukuu wangu alikuwa na miaka mitatu, hajasema neno hata moja. Tunakaa bondeni." Alijipiga kifuani. "Nikiwasha mashine na risasi ikaonekana, ni nani aliyemnywesha mtoto yule sumu? Ni mimi, kwa sahihi yangu! Mama yake ananiuliza kila wiki: 'Baba, maji yana nini?' Namjibu, 'Hayana kitu.' Leo mtoto ana miaka mitano, na bado hasemi. Niliogopa jibu, Inspekta. Niliogopa jibu kuliko kuua."

"Chupa zake za kweli ziko wapi?"

Mzee alionyesha friji. Zilikuwa humo, kibandiko kimeandikwa tarehe na saa. Hata muuaji yule hakuweza kumwaga sampuli.

Sajini alimfunga pingu. Inspekta alizibeba chupa mwenyewe. Njiani vidole vyake vililegea mara mbili. Zikianguka, nani angemlaumu? Alizikumbatia kifuani kama mtoto mchanga mpaka mezani kwa mkemia.

Mashine ilinguruma. Mkemia alivua miwani.

"Nisome?"

"Soma."

"Mara thelathini ya kiwango kinachoruhusiwa."

Simu ililia mfukoni. Alikuwa mkewe, anahema kwa furaha.

"Baba, umenipigia mara mbili, kuna nini? Nilikuwa kisimani."

Inspekta alifungua kinywa. Jibu lilikuwa limemkaa ulimini, tamu, jepesi, tayari: *Hakuna kitu.*

"Weka ndoo chini, mke wangu," alisema. "Usinywe hata tone. Waite majirani wote, kisha nikwambie ukweli."