Jini wa Pembetatu

Kila asubuhi, kabla jua la Garissa halijaanza kutafuta watu wa kuchoma, msichana Sharifo alifagia vumbi darasani, akafunga madirisha, na Mwalimu Dagane akawasha projekta. Pembetatu ya buluu ilijitokeza ukutani. Wanafunzi waliiburuta kona yake kwa kidole kwenye vishikwambi vyao, nayo ikanyooka au kujikunja kama ngamia anayepiga magoti. Hakuna somo Sharifo alilolipenda kuliko hilo.

Siku hiyo, kabla mtu hajagusa kitu, kona ya juu ilitetemeka. Ikaenda kushoto, ikasita kana kwamba inamtafuta mtu, kisha ikaruka.

"Nani huyo?" Mwalimu aliuliza. "Mikono juu, wote."

Mikono ikapaa. Kona ikaendelea kutembea.

"Walahi, huyo si mtu," Salat, jirani yake wa dawati, alinong'ona, akimsogelea Sharifo.

"Sasa mbona unakuja kwangu?"

"Wewe una nyama zaidi. Ataanza na wewe."

Sharifo hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye kabati la kuchajia. Chini kabisa mle ndani alikuwa ameficha kishikwambi cha akiba. Jana, saa ya chakula, korongo mwenye upara, mrefu kama askari wa gwaride, alipenyeza mdomo dirishani akanyakua mkate wake wa anjera. Sharifo alimpiga kwa kishikwambi hicho kilichokuwa mkononi. Korongo akaenda na anjera, kioo kikabaki na nyufa. Na Mwalimu alikwishasema: atakayevunja kimoja hatagusa kingine mwaka mzima.

Moyo ukamwambia jini ameingia kupitia ufa ule.

Kufikia adhuhuri habari zilikuwa zimezunguka mtaa wote. Rukiyo, muuza maziwa ya ngamia na msemaji wa wazazi, alifika na chetezo cha ubani. Nyuma yake alikuja Maalim Barre, anayewafundisha watoto Kurani.

"Maalim asome," Rukiyo alisema, "kisha mashine hizi zirudi zilikotoka. Leo hii."

Moshi ulijaa darasani. Maalim alisoma kwa sauti ya chini, lakini kona haikutulia. Mwishowe alimaliza, akazitazama namba zilizoandikwa kwenye pembe ukutani.

"Jini akisikia Kurani hukimbia," alisema. "Huyu hata hajageuka. Huyu ni wa humu humu. Nani ana la kusema?"

Projekta ilivuma. Sharifo akisema, atazikosa pembetatu peke yake. Akinyamaza, watazikosa wote. Miguu ilisimama kabla hajaiamuru.

"Ni mimi, Maalim. Nilimpiga korongo kwa kishikwambi, kikapasuka, nikakificha kabatini. Jini aliingia kwenye ufa."

Mwalimu Dagane alikitoa. Kioo kilikuwa kinawaka, na nukta ilirukaruka juu yake bila kidole chochote.

"Kioo kikipasuka, wakati mwingine hudhani kinaguswa," alieleza. "Na hiki bado kimeunganishwa na projekta." Akakizima. Pembetatu ikatulia.

Rukiyo alificha kicheko kwa ncha ya mtandio. "Basi mashine zibaki. Afukuzwe korongo."

"Lakini nilisema mwaka mzima, Sharifo," Mwalimu alikumbusha.

"Amesema mwenyewe," Maalim aliingilia. "Mpunguzie."

"Hadi mwisho wa mwezi, basi. Utavipangusa vishikwambi na kuvichaji, hutavitumia."

"Sawa, Mwalimu," Sharifo alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu jana akavuta pumzi yote.

Maalim alionyesha ukuta. "Tangu niingie ninazitazama namba za pembe zile tatu. Kona imekimbia huku na huku, namba zimebadilika, lakini jumla yake pale chini ni mia na themanini tu. Binti yangu, uongo ni ile kona, utauburuta mpaka uchoke. Ukweli ni jumla. Haubanduki." Akakohoa. "Sasa fungua madirisha, kabla moshi huu haujatugeuza majini sisi wenyewe."

Sharifo alifungua. Nje, korongo alikuwa akimngoja.