Vipimo vya Masika Mwingine

Siku ya tatu baada ya kupigwa leza ya macho, Masika alimpakulia uji mtoto asiyemjua.

Mtoto alivaa gauni la njano ambalo Masika mwenyewe alikuwa amelishona. Alikalia kigoda cha Élodie, akashika kijiko kwa mkono wa kushoto kama Élodie, na sauti iliyoomba sukari ilikuwa ya Élodie, binti yake wa miaka sita. Lakini uso haukuwa wake. Ulikuwa mwembamba, una kovu dogo juu ya nyusi, na ulimkazia macho bila kupepesa. Masika alifumba macho, akayafumbua. Uso ulikuwa palepale. Jikoni kulinuka nywele zilizoungua, ile harufu aliyoisikia siku ya leza, na chini yake harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Mama, juu ya nini unaniangalia vile?"

"Apana, mutoto yangu. Kula tu."

Alijiambia kwamba macho mapya lazima yazoee. Mtu aliyeogopa leza miaka mitano kisha akajipa moyo hapendi kuambiwa amekosea, hata na nafsi yake.

Na sababu alikuwa nayo. Tangu utoto Masika hakuona mbali. Kwenye cherehani yake pale Ndosho, mtaa wa Goma, hilo halikumsumbua, maana sindano iko karibu. Kilichomtesa kilikuwa lango la shule. Saa sita mchana watoto mia mbili hutoka na mashati meupe, na kwake wote walikuwa ukungu mmoja wenye makelele. Mwaka jana, miwani ikiwa imevunjika, alishika mkono wa mtoto wa watu, akamwongoza mpaka konani huku akimwuliza habari za masomo. Kina mama wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Élodie alibaki langoni analia. "Mama hanijue," alimwambia mwalimu. Maneno hayo yalimkaa Masika rohoni kuliko kicheko chote cha wale wanawake.

Ndipo akaenda kliniki. Cédrick, fundi wa mashine, mtu wa makamo kutoka upande wa Bukavu, alimweleza kazi yake kwa upole. Mashine hupima kila jicho, vilima vyake na mabonde yake, ikachora ramani. Kisha mwanga hukata kwa kufuata ramani hiyo na si nyingine.

"Ni kama nguo, Mama. Vipimo vyako ni vyako."

Masika alicheka, kwa kuwa hapo walizungumza lugha moja.

Siku ya tano baada ya leza alikwenda kumchukua Élodie shuleni. Jua lilikuwa kali juu ya mawe meusi ya volkano, na kwa mara ya kwanza maishani aliona kila kitu kutoka ng'ambo ya barabara: misumari ya lango, kifungo kilichokatika cha mwalimu, kunguru juu ya waya. Kengele ililia. Mtoto wa kwanza akatoka, na uso wake ulikuwa mwembamba wenye kovu juu ya nyusi, na wa pili akatoka na uso uleule, na wa tatu, na waliomfuata, wavulana kwa wasichana, uso mmoja juu ya mashati yote mia mbili, na kadiri Masika alivyorudi nyuma ndivyo walivyozidi kumiminika, huku ile harufu ya udongo ikipanda kutoka chini ya miguu yake, mpaka makelele yote yakakatika kwa pamoja na zile nyuso zikageuka, zikamtazama jinsi mtoto anavyomtazama mtu aliyechelewa sana kuja kumchukua.

"Élodie!" aliita.

Mmoja alichomoka mbio kuvuka barabara. Pikipiki ilifunga breki, gurudumu likamgusa sketi. Masika alimdaka, akamkumbatia kwa nguvu, na bado hakuwa na hakika kama amemdaka wake.

"Ni mimi, Mama," mtoto alilia kifuani mwake. "Juu ya nini hautake kuniona?"

Padri alimwombea na kumnyunyizia maji ya baraka. Harufu iliondoka siku moja, ikarudi.

Kwenye kliniki, daktari Adalbert alimsomesha herufi ukutani, naye akazisoma mpaka mstari wa mwisho. Cédrick alifungua kumbukumbu za mashine. Mkono wake ukasimama.

"Docteur," alisema kwa sauti ya chini. "Kuko ba Masika Ernestine wawili."

Kwa Wanande, kabila la akina Masika, binti wa kwanza hupewa jina hilo, na Goma imejaa mabinti wa kwanza. Masika mwenyewe alikuwa na wateja wanne wa jina hilo, ndiyo maana hakuamini daftari peke yake. Kila kitambaa alikibania kwa pini kipande cha rangi ya mteja wake, asije akamkatia mmoja vipimo vya mwenzake. Lakini Cédrick hakukulia kwa Wanande. Aliona jina moja lenye vipimo viwili, akadhani ni mama mmoja aliyepimwa mara mbili, akachukua vile vya kwanza.

"Na ule mwingine iko wapi?" Masika aliuliza.

Cédrick hakuinua uso. "Alikufaka, Mama. Camion ya mizigo ilimugonga kule Murara. Lunettes yake ya macho ilikuwa imevunjika, akasema hatanunua ingine, atangojea leza."

Daktari aliipitia ramani kwa kidole.

"Kwa ramani hii ungeona ukungu tu," alisema. "Lakini unasoma yote. Mi sijue ni nani anakusomea."

Macho yangeweza kukatwa tena kwa ramani yake mwenyewe, lakini kwanza yapone miezi mitatu. Masika hakuweza kungoja akiwa amekaa. Alimwomba Cédrick amwonyeshe nyumba ya marehemu, naye, ambaye usingizi ulikuwa umemkimbia kwa kujilaumu, alimpeleka.

Uani pale Murara, mtoto wa miaka mitano alikuwa akipanga vizibo vya chupa juu ya jiwe. Uso wake ulikuwa mwembamba, una kovu juu ya nyusi. Kwa mara ya kwanza uso ule ulikuwa mahali pake. Mtoto alisimama, akaja bila woga. Masika alipochuchumaa, akamshika masikio kwa mikono miwili, akamwinamisha. Akachungulia ndani ya jicho lake kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo.

"Koko," alimwita bibi yake. "Mama iko humu ndani."

Masika alitaka kusema, "Hapana, mwanangu." Mdomo ulifunguka, koo likawa baridi, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, yenye usingizi, wala haikuwa yake.

"Christa. Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Nani alikusuka nywele?"

"Ni Koko."

Bibi, Mama Rosine, aliketi palepale juu ya mawe, akafunika mdomo kwa kitenge. Machozi yalimtiririka Masika, nayo yalikuwa ya baridi. Watu husema pepo hutafuta damu. Huyu hakutaka damu ya mtu. Alitaka kumwona mtoto wake, basi, na ukubwa wa huzuni ile ndani ya kichwa chake ulimtisha Masika kuliko damu.

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa alikwenda Murara, akamwazima marehemu macho yake. Christa alianza kunenepa. Alicheka. Mama Rosine alimwekea Masika kiti kizuri, wala hakujua amwite mgeni au binti.

Lakini nyumbani uso wa Élodie haukurudi. Ikabidi Masika afanye kama anavyofanya kwa nguo za wateja: kila asubuhi alimbania binti yake kipande cha kitambaa chekundu kwenye kola ya shati, apate kumtambua langoni. Mwanzoni Élodie aliuliza. Baadaye aliacha kuuliza, akawa analeta kitambaa na pini mwenyewe, anasimama wima kimya kama mteja anayejaribishwa nguo. Ukimya huo ndio uliomvunja Masika.

Jumapili ya mwisho kabla ya leza ya pili alimweleza Mama Rosine. Mama mzee alimshika mikono.

"Mama Élodie, uache ile mashine, nakuomba. Binti yangu nilimuzika mara moja."

"Na mi niko na mutoto, Mama," Masika alisema. "Ananiletea pini kila asubuhi."

Walilia pamoja, na hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Siku ya leza Cédrick alisoma jina, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, akarudia mara tatu. Kichwa cha Masika kilibanwa. Mwanga ulianza kugonga, tik, tik, tik, nywele zikanuka kuungua, harufu ya udongo ikajaa chumba, na ndani kabisa, nyuma ya macho, sauti nzito yenye usingizi ikasema polepole, bila hasira: Dada, ungoje kidogo. Leo sijamwona.

"Unisamehe, Masika," alimwambia kwa jina lao wote wawili.

Mwanga ukaendelea na kazi yake. Ulipozimika, udongo haukunuka tena.

Kesho yake Élodie alikuja na pini na kitambaa chekundu. Masika alivitupa vyote viwili. Aliushika uso wa binti yake, ule wa mviringo, wa kwake, akaona jino la mbele limeng'oka na jipya linachomoza. Lilikuwa limeng'oka yeye asione.

"Unaniona, Mama?"

"Nakuona." Alikuwa akilia na kucheka. "Nakuona, mutoto yangu."

Jumapili alikwenda Murara. Angeweza kutokwenda, lakini moyo ulikataa. Christa alimkimbilia na nywele zilizosukwa upya, naye akachuchumaa; mtoto akamshika masikio, akamwinamisha. Alichungulia jicho la kulia, muda mrefu. Akachungulia la kushoto. Akarudi la kulia, akangoja.

Masika alijua anangoja nini. Aliishusha sauti yake, akaifanya nzito, akaitia usingizi kadiri alivyoweza.

"Christa. Umekula?"

Mtoto aliyaachia masikio yake. Alirudi nyuma hatua moja, akakunja mikono kwa adabu.

"Jambo, Mama," alisema, vile watoto wanavyofundishwa kumsalimu mgeni, kisha akarudi kwenye vizibo vyake.